Nusu Yangu, Nusu Yake

Kwetu Dutwa, chini ya kitanda cha mama, kulikuwa na viatu ambavyo havikuwahi kukanyaga ardhi. Vilipangwa kuanzia vidogo hadi vikubwa, vyote safi, soli hazina hata mkwaruzo. Vilikuwa vya pacha wangu. Kila nilipopata viatu mimi, naye alipata vya aina ileile, siku ileile. Vyangu vilipasuka kwa kukimbilia shule na kufukuza mbuzi wa watu. Vyake vilizeeka bila kuchakaa, mpaka gundi ikaachia yenyewe. Pacha wangu hajawahi kutembea.

Tumefanana. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakisikia habari ya mlemavu hujichorea mtu mwingine kabisa, mtu wa kuonewa huruma kwa mbali. Huyu ana pua yangu, mwanya wangu, paji langu la uso. Majina yetu ni yale ambayo mapacha wote wa Usukumani hupewa, kwa hiyo sina haja ya kuyataja. Ila mikono yake imekunjika kifuani, miguu yake hupishana kama mkasi ukimwinua, na neno moja humchukua muda kulitoa. Akili yake ni kali kuliko yangu, na ulimi wake, ukishafunguka, ni mchungu vilevile. Wageni wakija humtazama yeye, wakanitazama mimi, halafu wakatazama chini. Watu wengine hukaa wakijiuliza wangekuwaje kama mambo yangekwenda vingine. Mimi nikigeuza shingo namwona.

Habari ya kuzaliwa kwetu nimeisikia kwa mama mara nyingi mno, kwa maneno yaleyale, kiasi kwamba naikumbuka kama niliyeishuhudia nimesimama pembeni. Ulikuwa msimu wa kuuza pamba. Baba alikuwa mpimaji wa chama cha ushirika, mtu wa mizani, na mwaka huo wakaja wanunuzi binafsi na malori yao, kila mmoja na mizani yake. Watu wakaambiana kwamba sasa ni soko huria, kila kitu ruksa. Na kweli vitu vilifunguka: mabasi mapya, marobota ya mitumba, maduka kila kona. Mbele ya geti la hospitali kule Bariadi nako likafunguliwa duka la dawa. Mwenye duka, msimu mmoja nyuma, alikuwa akiuza betri za redio na dawa ya kunyunyizia pamba. Sasa alivaa koti jeupe na kuitwa daktari.

Mama alikuwa na mimba ya miezi saba. Uchungu ulimshika akiwa ameketi juu ya gunia la pamba, anangoja zamu ya kupimiwa. Lori la mnunuzi ndilo lililompeleka Bariadi, yeye juu ya pamba, na bibi yetu mzaa baba amemshika kichwa njia nzima.

Pacha wangu alitangulia kutoka. Alilia kwa nguvu hadi wauguzi wakacheka. Nikafuata mimi, na mimi sikulia. Nilikuwa mdogo kuliko yeye, rangi yangu imepotea, na kila nikivuta pumzi mbavu ziliingia ndani. Daktari wa wodi, daktari wa kweli huyu, alisema mapafu yangu hayajakomaa na yamevimba, nahitaji dawa ya kutuliza uvimbe. Lakini dirisha la dawa la hospitali lilikuwa tupu. Kwa hiyo baba, aliyekuwa ametufuata nyuma, alivuka barabara. Sindano zilikuwa zimekwisha dukani, akapewa vidonge. Deksa, walikiita kidonge hicho, na bado wanakiita hivyo. Siku hizi wapo wasichana wa mjini wanaokimeza ili wanenepe, na nikiwasikia wakikitaja kwa kucheka huwa naondoka.

Daktari alisema kisagwe, kichanganywe na maziwa ya mama aliyokamua, apewe mtoto kwa kijiko, kwa muda mfupi tu. "Huyu mdogo," alisema. "Huyu mwingine hana shida, anyonye tu." Mama akisimulia hapa huiga sauti ya daktari, nzito na yenye haraka.

Daktari alipotoka, bibi alizungumza.

"Mabasa hawabaguliwi," alisema. Mabasa ndio mapacha, kwa Kisukuma.

Kwetu pacha ni mtoto wa kuogopwa kidogo. Akipewa huyu, apewe na yule. Akivishwa huyu, avishwe na yule. Ukimnyima mmoja atakasirika, na hasira ya pacha humrudisha alikotoka, au huwaka ndani ya nyumba. Ukitaka kumcheka bibi kwa hilo, mcheke, lakini kwanza ujue kwamba yeye mwenyewe alizaa mapacha. Mmoja ni baba yangu. Yule mwingine alikufa katika wiki ambayo bibi alikuwa na homa na titi moja lina jipu, akamnyonyesha yule aliyekuwa akilia zaidi. Aliyekuwa kimya akanyamaza moja kwa moja. Bibi hakuwa akifuata mila tu pale wodini. Alikuwa akimwona mtoto wake.

Wakakivunja kidonge katikati. Wakasaga kila nusu kati ya vijiko viwili, wakadondosha maziwa. Nusu yangu, nusu yake. Wauguzi hawakuambiwa, kwa sababu mambo ya nyumbani hayaambiwi wauguzi.

Sikufa. Pumzi yangu ilitulia, mbavu zikaacha kuingia ndani, na mama akarudi Dutwa na watoto wawili, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Alikuwa ameambiwa arudi hospitali baada ya muda mfupi ili dawa isimamishwe. Lakini hapo ikatokea neema moja ambayo hata leo nikiisikia mwili hunisisimka. Tulinenepa. Nyuso zetu zilijaa, mashavu yakawa makubwa na yenye kung'aa, watoto waliozaliwa kwa mimba ya miezi saba wenye nyuso za watoto wa mwaka. Watu walikuja kutoka vijiji vya jirani kutushangaa. "Mwangaluka mayu, tumekuja kuwaona mabasa," walimsalimu mama mlangoni, wakatubeba, wakatubonyeza mashavu, wakampongeza mama. Dawa inayonenepesha hivi utaiachaje? Baba alirudi dukani, na yule mwenye koti jeupe hakuuliza karatasi ya daktari wala umri wa mgonjwa. Akauza. Akarudi tena, akauza tena. Sasa bibi hakuwa tena na kazi ya kushawishi mtu. Kila asubuhi mama alivunja kidonge kwa ukucha wa kidole gumba, na tukameza, hadi msimu wa pamba ulipokwisha na baba akawa hana cha kupeleka dukani.

Mashavu yakapungua. Halafu, kwa wakati wake, mimi nikasimama. Mama husema nilisimama kwa kushika kinu, uani, mchana, kuku wakinizunguka. Nikaachia mkono. Nikabaki nimesimama. "Na mwenzio alikuwa pale kwenye ngozi ya ng'ombe, anakutazama," humalizia mama, na hapo daima hukumbuka kitu jikoni. Chungu kimechemka, kuku ameingia, kuni zimezimika. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akiendelea mbele ya sentensi hiyo.

Shangazi yetu, dada yake baba, ndiye aliyeendelea kwa niaba yake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema, ila shangazi huyu aliujua uchungu wa kila mtu na kuutangaza. Alikuja, akamwinua pacha wangu kwa makwapa, akaona miguu inavyopishana, akamrudisha kwenye ngozi. "Huyu alinyimwa," alisema. "Mtazameni mwenzie alivyo mwepesi. Huyu alinyimwa kitu na mama yake, amekasirika, hataki kusimama." Neno likatoka nyumbani kwetu, likafika kisimani, likafika kanisani, likafika mnadani siku ya ng'ombe. Baba hakulikanusha. Yeye mwenyewe alikuwa pacha aliyebaki, nadhani liliingia pabaya. Alikwenda kutafuta madini, akaja mara moja moja, kisha akaacha kuja.

Mama alikuwa na jibu moja tu, na nililisikia utoto wangu wote kama watoto wengine wanavyosikia sala. "Niliwagawia sawa. Titi sawa, nguo sawa. Hata dawa niligawa sawa. Muulizeni mkwe wangu." Bibi alipokuwa hai aliitikia kutoka alikokaa: "Tuligawa. Macho yangu yaliona." Bibi alipokufa, mama alibaki bila shahidi, na ndipo kugawa kukawa ugonjwa.

Nilipoanza shule zilishonwa sare mbili. Nilitoka asubuhi na sketi ya bluu na shati jeupe, na nyuma yangu pacha wangu akalazwa kwenye ngozi, kivulini, amevaa sketi ya bluu na shati jeupe. Wapita njia walimwona. Sijui walifikiri nini, mimi nilitamani ardhi ipasuke. Jioni nilimfundisha nilichofundishwa, na kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine mchana kutwa isipokuwa kufikiri, alikishika haraka kuliko mimi. Nikichapwa kwa kosa langu, mama alikwenda na fimbo ileile kumgusa na yeye begani, kidogo, kama anayefukuza inzi. Pacha wangu alicheka kila mara. Mimi nilikuwa nalia, yeye anacheka, na mama amesimama katikati na fimbo, hajui aangalie wapi.

Dawa ndiyo ilikuwa mbaya kuliko vyote. Nikiugua malaria, klorokwini ilivunjwa. Yeye hakuwa na homa. Alifungua kinywa hata hivyo, kwa sababu alikuwa amezoea, na kwa sababu, alivyoniambia baadaye, hakutaka mama aaibike. Klorokwini ya enzi zile iliwasha mwili mzima, viganja, nyayo, ndani ya masikio, kuwasha kwa kukutia wazimu. Mimi nilijikuna kwenye ukuta, kwenye mti, kwa gunzi la mahindi. Yeye hakuweza kujikuna. Nililala naye pale kwenye ngozi, nikiwa na homa yangu, nikamkuna mgongo, nikamkuna nyayo zile laini zisizojua ardhi, na akaniambia kwa maneno yake ya kuvuta, hapo, hapana, hapo. Mara ya kwanza kuona kwamba kuna kitu kibaya nyumbani kwetu ilikuwa siku hiyo. Anawashwa na dawa yangu. Wazo hilo lilinikaa. Nilikua nalo, na likaniharibia mambo mengi. Nikicheza ngoma kwenye harusi, ghafla naiona miguu yangu na kuhisi kwamba nimeiazima kwa mtu aliye nyumbani.

Niliolewa Bariadi mjini, nikapata cherehani na kibanda cha kushonea. Nikashika mimba. Mwezi wa saba uliponikuta nikaacha kulala usingizi, na kama nilivyoogopa ndivyo ilivyokuwa: maumivu yalinianza nikiwa napima mteja. Nikapelekwa wodini. Muuguzi akaja na sindano, na kwa desturi nzuri ya siku hizi akaniambia jina la dawa kabla ya kunichoma. Ni deksa, dada, ya kumkomaza mtoto mapafu.

Nilimshika mkono. Sikumwachia mpaka alipoitwa daktari.

Alikuwa daktari msichana, mdogo kwangu. Aliketi kitandani kwangu bila kuharakisha, nami nikamweleza yote, kuanzia lori la pamba hadi nusu ya kidonge. Alisikiliza. Alisema sindano hii nachomwa mimi, mtoto akiwa bado tumboni, mara chache tu, na inasaidia mapafu yake, nisiiogope. Kumpa mtoto mwenyewe aliyezaliwa njiti, siku nyingi mfululizo, hilo ni jambo lingine. Zamani lilifanywa na madaktari wazuri, kwa nia nzuri, kwa kuwa watoto waliweza kupumua. Ni baadaye ndipo ilipoonekana kwamba baadhi yao ubongo uliumia, wakachelewa kukaa, viungo vikakakamaa.

"Baadhi," nilisema.

"Baadhi, dada. Na wapo wengi wanaozaliwa kabla ya wakati, hawakupata dawa hiyo kabisa, na ubongo wao uliumia vilevile, kwa kuzaliwa mapema tu. Siwezi kukuambia kwamba ni dawa."

"Na huwezi kuniambia kwamba si dawa."

"Siwezi," alisema.

"Mimi nilikuwa nakufa, ikabidi nipewe. Yeye alikuwa mzima."

Alinishika kifundo cha mguu, hapo juu ya shuka, akakaa nacho. Nilichomwa sindano. Mwanangu alizaliwa mdogo kama njiwa, akapumua mwenyewe, na nilipomsikia akilia nililia na mimi, kwa furaha na kwa hasira. Dawa ileile. Nilikuwa na mtoto mzima mkononi kwa sababu yake, na pacha wangu alikuwa Dutwa kwenye ngozi ya ng'ombe.

Tangu hapo nilibeba jambo ambalo sikujua pa kulitua. Jibu la mama, lile jibu moja alilowajibu nalo watu maisha yake yote, hata dawa niligawa sawa, huenda ndilo lililokuwa kosa lenyewe. Kama ningemwambia, ningemnyang'anya kitu pekee alichobakiwa nacho. Kama nisingemwambia, ningekaa nikimsikiliza akilirudia, nikiitikia kama bibi. Nilipanda basi kwenda nyumbani mara nyingi nikiwa nimeamua kusema, nikashuka nimeamua kunyamaza.

Siku ile nilikwenda na mwanangu mgongoni na jino limenivimbisha shavu. Nilikuwa nimepewa vidonge vya maumivu na uvimbe. Ulikuwa mchana, baada ya kula. Mwanangu alikuwa amelazwa ubavuni kwa pacha wangu, ambaye alimpenda kwa wivu na hakuruhusu mtu kumwondoa. Niliomba maji. Mama alileta, na kabla sijakitia kidonge kinywani alikichukua kiganjani mwangu. Akakivunja kwa ukucha wa kidole gumba. Nusu akanirudishia, nusu akaenda nayo kwenye ngozi. Pacha wangu alikuwa ameshafungua kinywa.

Sikupanga. Nilimkamata mama mkono, nikaichomoa ile nusu ya pili kati ya vidole vyake, nikazimeza zote mbili.

Pacha wangu alifumba kinywa taratibu. Akaanza kulitafuta neno lake, shingo ikamkaza, na sote tukangoja, kama tulivyozoea.

"Na mimi?"

Niliona aibu, na nilikuwa na hasira, na sikujua namkasirikia nani kati yetu sote, walio hai na waliokufa.

Mama aliingia jikoni. Nilifikiri ni yaleyale, chungu kimechemka. Lakini alirudi, ameshika kikombe cha chai na vipande vya matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa tunavyokula wakati wa kiangazi. Aliloweka kipande, akamtia mwenzangu kinywani, akamfuta kidevu kwa pindo la kanga. Aliendelea kumfuta hata kidevu kilipokauka. Aliponiuliza hakunitazama.

"Tangu lini umejua, ng'wanone, mwanangu?"

"Tangu nilipokuwa hospitali, mayu. Lakini daktari alisema haijulikani. Alisema huenda si dawa, huenda ni..."

"Mimi tangu siku uliyosimama kwenye kinu."

Nilimwuliza kwa nini, basi. Kwa nini viatu, kwa nini klorokwini, kwa nini hata leo, mbele ya mjukuu wake.

"Ningeacha kugawa, wangeuliza kwa nini nimeacha," alisema mama. Akamtazama pacha wangu, ambaye alikuwa akitafuna na kutusikiliza, maana masikio yake hayakosi kitu. "Na huyu angeuliza."

Pacha wangu alimaliza kumeza. Alimtazama mama, akanitazama mimi, akafungua tena kinywa. Mama akaloweka vipande viwili. Kimoja akampa yeye, kingine akaninyooshea mimi, nikakipokea na kukitafunia upande usiouma.